Kamba ya Bibi na Mguu Wangu Mkaidi

Harufu ya usaha ukishaijua huisahau: kama maharage yaliyochacha chunguni. Mimi niliijulia mguuni mwangu, msimu wa palizi, mwaka ambao baba alikwenda vitani na mgambo wenzake, na sisi tuliobaki kijijini Kanazi tukaambiwa tulime shamba la kijiji kwa niaba yao. Nilikuwa darasa la nne, mdomo mkubwa kuliko jembe. Jembe lenyewe likateleza, likanikata juu ya kidole gumba cha mguu. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akalitazama jeraha, akawatangazia watu kwamba mimi, Generoza, nimepata sababu ya kukwepa palizi, akanirudisha kwenye mstari. Nikamaliza tuta langu huku damu ikichanganyika na udongo.

Baada ya siku chache mguu ukawa unaamka kabla yangu. Ulivimba, uling'aa, ulikuwa wa moto kama uliolazwa jikoni, na ulipwita kama una ngoma ndani. Kisha mtoki ukanitoka kwenye kinena. Hapo Bibi, mama yake baba, akaogopa kweli. Kwake uvimbe ni msafiri: huanzia chini ukapanda, na ukifika moyoni basi. Dawa ni kuufungia njia. Alisokota kamba ya mgomba, akanifunga chini ya goti, akakaza. Vidole vikapoa, vikafa ganzi. Nikamwambia mguu haupumui. Akasema mguu hauna pua. Mama naye alianza kutafuta watu wa kunibeba hadi hospitali ya mbali, na pale kijijini kila mtu alijua kwamba mguu wa namna ile, ukifika huko, hukutana na msumeno.

Sikutaka kuachana na mguu wangu. Tulikuwa tumezoeana. Bibi alipokwenda kuteka maji niliifungua kamba kwa vidole na meno, damu ikarudi kwa uchungu wa siafu elfu, nikaikalia kamba. Bibi aliporudi aliuona mguu, akaweka ndoo chini taratibu.

"Umejiua, mkaidi wewe."

"Basi mnizike na miguu miwili, Bibi."

Mama akacheka na kulia kwa pamoja, akaacha habari ya hospitali, akanibeba mgongoni hadi zahanati ya karibu, Bibi akitufuata nyuma huku akininung'unikia. Muuguzi akaukamua usaha, akakiosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kisha akatuambia ukweli: sindano zimepelekwa vitani, zikirudi nitachomwa. Kwa sasa mguu utapigana wenyewe. Uvimbe ule, alisema, ni damu iliyokimbilia kwenye jeraha ikibeba walinzi, chembe zinazomeza wadudu. Usaha ni wadudu na walinzi waliofia humo. Joto la homa huwasumbua wadudu, na mtoki ni kituo cha kuwakamatia wasipite. Akaiona alama ya kamba.

"Nani aliwafungia njia askari wa mtoto huyu?"

Bibi akatazama dari. Mimi nilikuwa na homa, lakini siyo ya kuniziba mdomo, nikamnyooshea kidole.

Sindano hazikuwahi. Kila asubuhi mama alinibeba kwenda kuoshwa, na kila asubuhi mguu ulikuwa mdogo kidogo kuliko jana, hadi mtoki ukayeyuka na ngozi mpya ikajikunja juu ya kidonda. Mjumbe akasema nimepona kwa juhudi za kijiji. Uongo mtupu. Kijiji kile hakikuweza kuhamisha choo bila mkutano, azimio na makofi. Mwili wangu haukuitisha mkutano. Wadudu waliingia na jembe, mwili ukawavaa papo hapo, bila kuwajua majina, bila kibali cha mtu.

Sasa niko sekondari, baba amerudi, na mwalimu wa baiolojia anachora ubaoni chembe nyeupe kama viazi vyenye mikono. Wenzangu wananakili. Mimi navua kiatu nalitazama kovu. Likizo iliyopita nilimkuta Bibi amechomwa na mwiba, kidole kimevimba kama ndizi mbivu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaninyooshea kamba mpya ya mgomba.

"Nifunge mkono, wewe una nguvu."

Nikaipokea kamba kwa adabu zote. Nikamfungia mbuzi wake mtini, kisha nikamshika Bibi mkono ule mzima tukaenda zahanati, yeye akiniita mkaidi njia nzima, lakini bila kuuvuta mkono wake.