Ufunguo wa Vyombo vya Mtaa

Mtaani kwao Ujiji, msiba ukitokea, watu wawili hutafutwa kwanza: shehe na Bi Mwamini. Shehe ana dua, Bi Mwamini ana ufunguo. Bandani kwake hukaa sufuria, sinia na miiko ya mtaa mzima, na hakijapata kupotea hata kijiko bila yeye kukifuata mlango kwa mlango akitania, "Nimekuja kumchukua mwanangu, amelala kwenu siku nyingi." Vile vizito hubebewa na Faridi, mtoto wa kiume wa jirani yake Asia, mwanamke anayekamua mawese.

Ndipo likapotea Tembo, sufuria kubwa kuliko yote, lile la pilau ya hitima.

Wengine walinong'ona. Asia hana mnong'ono; alisema mbele ya kina mama, "Ufunguo anao mmoja. Sasa tumuulize nani, paka?"

Bi Mwamini aliumia. Mali hana, watoto wako mbali. Jina jema ndilo alilobaki nalo, na sasa lilikuwa linaanikwa juani kama dagaa. Akasema, "Isomwe halbadiri. Mungu ndiye ajuaye. Na ianzie kwangu."

Halbadiri si mchezo: kisomo kile humwandama mwizi mpaka kimpate, na hata asiye mwizi hutetemeka. Shehe akakubali, isomwe Ijumaa baada ya swala.

Ijumaa asubuhi Bi Mwamini alifagia nyumba yote. Huwezi kumwita Mungu aje kukukagua, kisha umwachie utando wa buibui. Uvunguni, nyuma ya ndoo kuukuu, akakuta bakuli la bati lenye maua, lina alama ya rangi nyekundu ya kucha. La Asia! Lilikuja na futari mwaka juzi. Asia alilitafuta kwa machozi, maana ni la marehemu mama yake, na Bi Mwamini alimwapia kwamba kwake halipo.

Akaketi sakafuni. Akilitoa leo, nani atamwamini habari ya Tembo? Na ziwa haliko mbali. Bakuli moja lingezama na habari yake ikaishia hapo.

"Mola wangu," akasema kwa uchungu, "nimekuita kwa sufuria, wewe umekuja kwa bakuli?" Kisha akacheka peke yake, kwa sababu ndivyo alivyoomba mwenyewe.

Akalibeba mkononi, wazi, hadi barazani kwa shehe walikokusanyika. Akaliweka mbele ya Asia, na ufunguo ndani yake.

"Nilikuapia sinalo, mwanangu. Ninalo. Tembo sikulichukua, Mungu ni shahidi, lakini hili limekutwa kwangu. Nisamehe. Ufunguo mpeni mwingine."

Asia alilikumbatia bakuli la mama yake akalia, na ufunguo akaurudisha mkononi mwa Bi Mwamini. Mama mmoja akakohoa, akasema amekumbuka kuna sinia kwake. Mwingine akakumbuka miiko. Shehe, mtu wa busara na mzaha kidogo, akafunga kitabu. "Nendeni kwanza kila mtu akafagie kwake. Kisomo hakikimbii."

Kesho yake alfajiri Tembo lilikuwa mlangoni kwa Bi Mwamini, limesuguliwa mpaka linang'aa. Ila kwenye vishikio yalibaki mawese, mekundu, yameganda. Bi Mwamini aliyatazama, akautazama ukuta wa kwa Asia. Sauti moja tu ingetosha, mtaa mzima ungetoka.

Akachukua majivu na kitambaa, akayasugua mpaka yakaisha. Hata Asia hakumwambia.

Msiba uliofuata, Faridi alikuja kubeba vyombo, macho chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Sinia akawapa wenzake. Yeye akamsogezea Tembo. "Hili libebe wewe. Wewe unaijua njia yake ya kurudi."

Faridi akajitwika Tembo kifudifudi, likamfunika mpaka mabegani, na Bi Mwamini akajifanya hasikii anavyolia mle ndani.