Justa na Masanduku ya Barua

Waliofanya kazi Ifakara miaka ile ukiwauliza nani alikuwa wa kwanza kuwapa habari, watakutajia Justa kabla hujamaliza swali. Alizaliwa Mahenge, masista wakamfundisha kupiga taipu, akateremka bondeni kuajiriwa na mradi wa utafiti wa kifafa uliopanga nyumba mtaa wa Viwanja Sitini. Alianza na redio ya upepo, ile ya kuitana na Dar. Kompyuta ilipoletwa, akakabidhiwa yeye.

Mradi mzima ulikuwa na anwani moja ya barua pepe. Kila alasiri, simu ikikubali, mashine ilikwaruza na kupiga miluzi, barua zikashuka. Justa alizichapa, akazisoma (angejuaje ni za nani?), kisha akamwita mwenyewe dirishani.

“Fridolin, dada yako wa Songea kajifungua salama, mtoto wa kiume. Njoo uchukue karatasi yako.”

Fridolin, dereva, alikuja akicheka kuchukua barua ambayo uani kila mtu alishaijua. Hakuna aliyenung’unika. Justa hakuwa na mume wala mtoto, na tuseme kweli, dirisha lile ndilo lililokuwa mji wake.

Halafu akaja Edna. Msichana mdogo, kasomea kompyuta Dar es Salaam, kalamu haimtoki sikioni, na mpole kiasi cha kuudhi. Akaweka programu iliyogawa barua yenyewe: ya Fridolin inaingia sanduku la Fridolin, ya Daktari la Daktari, na kila sanduku linafunguliwa kwa neno la siri la mwenyewe. Kazi ya Justa ya miaka yote, mashine iliimaliza kabla chai haijapoa.

Hata majibu ya vipimo yakabadilishiwa utaratibu. Yalikwenda Dar kwa namba tu. Majina ya wagonjwa yalibaki katika sanduku la Daktari Evarist, mkuu wa mradi, ili mwenye namba asijue jina. Palikuwa na sababu. Bondeni kifafa kinaogopwa. Binti akijulikana anacho, hutengewa hata bakuli, na wachumba hawapigi hodi kwao.

Justa hayo hakuyaona. Aliona watu wakipita dirishani kwake bila kusimama, wakienda kuinama juu ya meza ya Edna: Edna nifungulie, Edna nionyeshe, Edna mdogo wangu asante. Kila “asante” ilimchoma. Alimwonea Edna wivu wa meza, wa kalamu, wa jinsi alivyocheka na watu. Nyumbani alisonga ugali akausahau ukaungua, akamlaani Edna kwa ugali pia.

Dawa akaipata kanisani. Justa aliimba kwaya, na kwaya hukaa karibu na kiti cha Askofu; siku ya kipaimara kila jina la mtakatifu ambalo mtu amejichagulia husomwa kwa sauti. Daktari alikuwa amewaambia wafanyakazi wachague neno wasiloweza kulisahau. Sasa Mkatoliki wa Ulanga asahau nini zaidi ya jina lake la kipaimara? Justa akakaa kwenye kompyuta yake ya zamani, akajaribu la Fridolin. Likafunguka. Akajaribu la mpishi, likafunguka. La Daktari hakuhitaji hata kulikumbuka: walipakwa mafuta siku moja kule Mahenge, mstari mmoja, yeye akiwa nyuma ya Evarist, aliyepewa jina la Klementi. Masanduku yote yakamwachia mlango, isipokuwa la Edna. Hilo alilijaribu mpaka vidole vikauma, na wivu ukazidi.

Angeishia kusoma tu, pengine yasingetokea makubwa. Lakini kujua bila mtu kujua kwamba unajua, kwa Justa, ilikuwa njaa ile ile. Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya, Margareta, rafiki yake, akamtania.

“Siku hizi habari zote ziko kwa Edna. Wewe wamekuachia taipu.”

Ulimi hauna mfupa. “Mimi?” Justa akasema. “Huyo Careen wa Chita mnayemposea mpwa wako, hebu muulizeni anakunywa dawa gani. Halafu urudi uniambie habari ziko kwa nani.”

Posa ikavunjwa. Baba yake Careen akaja kwa treni, akasimama uani kwa mradi na kofia mkononi. Hakufoka. Aliuliza tu nani kamuuza mwanawe, maana walimwandikisha kwa ahadi kwamba jina halitatoka. Justa alikuwa dirishani. Maneno yalimfika kooni. Ndipo akamsikia Daktari akisema kwamba sanduku lile analijua yeye na Edna aliyelitengeneza, basi. Akayameza, akarudi kwenye taipu. Na chini ya aibu, Mungu amsamehe, kulikuwa na furaha.

Edna akaachishwa kazi. Siku ya kuondoka alimletea Justa ufunguo wa chumba cha kompyuta, kwa mikono miwili.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba.”

“Nakuomba uwabadilishie watu maneno yao. Wote wameweka majina ya kipaimara. Na mashine hutunza kumbukumbu, dada. Inaonyesha sanduku langu lilijaribiwa kwa majina ya watakatifu karibu wote, kutoka kwenye kompyuta yako.”

Justa akatazama ufunguo. “Mbona hukusema?”

“Nilisema. Daktari akaniambia nisimpake matope dada aliyepata naye kipaimara.”

Fridolin akamchukulia Edna begi, akaliweka kwenye gari la mradi. Mpishi akapanda, mlinzi akapanda, wapimaji wakajibana nyuma, wote wakamsindikiza stesheni.

Alasiri ile simu ilikubali mara moja. Barua zikashuka, nyingi kuliko kawaida, na Justa akazichapa zote kama zamani. Akasimama dirishani, karatasi mkononi, akamwita Fridolin, akamwita mpishi. Uani palikuwa patupu. Treni ilikuwa imechelewa na hakuna aliyekubali kumwacha Edna peke yake stesheni. Justa akawaza watu wale wote wamemzunguka msichana aliyefukuzwa kazi, na wivu ukamkaba kuliko siku zote.