Waya wa Krismasi

Nyumba yetu ya Kibosho ilitiwa umeme tarehe 15 Juni 1991, siku ya Jumamosi. Wakati huo sikujua kuandika tarehe, lakini siku yenyewe siwezi kuisahau, maana mume wangu alinisimamisha chini ya ngazi tangu asubuhi, nimekumbatia bunda la waya, naye yuko darini akiniamuru: "Legeza. Vuta. Legeza tena, mama watoto." Kazi hiyo alijifunza kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa alikoajiriwa mjini Moshi. Alifunga taa nne na soketi mbili, na juu ya mlango wa sebule akaweka bodi nyeusi yenye fyuzi mbili za kauri. Jioni, redio ilipozungumza bila betri, majirani walipiga vigelegele. Sitamruhusu mtu yeyote aseme kwamba kazi ile ilikuwa mbaya. Natangulia kusema hivyo kwa sababu ninachokusudia kueleza ni jinsi nilivyoing'oa yote, ingawa ukoo ulinikataza.

Kwetu mlimani nyumba hulala miezi kumi na moja, ikaamka Desemba. Mwaka mzima taa moja na redio vingenitosha. Kisha watoto hupanda kutoka Dar es Salaam na Mwanza pamoja na wenzi wao na wajukuu, magodoro yakatandikwa hadi ukumbini, na kila anayekuja huja na kitu chenye mkia wa kuchomekwa ukutani. Mwaka mmoja friji, mwaka mwingine pasi, kisha jagi la kuchemshia maji, kisha televisheni pana kama meza. Soketi mbili hazikutosha tena. Ikaletwa ekstensheni, na juu ya ekstensheni ikachomekwa ekstensheni.

Ndani ya kila fyuzi ya zamani mna waya mwembamba kama unywele, uliowekwa makusudi uungue umeme unapozidi ili nyumba isiungue. Wetu uliungua kila mkesha wa Krismasi, wageni wakabaki gizani na sahani mikononi. Mume wangu hakuivumilia aibu hiyo. Ikawa kila tarehe 20 Desemba anapanda juu ya stuli, anachomoa fyuzi, anakunja waya mara mbili na kuurudisha ukiwa mnene. Aliuita waya wa Krismasi. Tarehe 6 Januari, wageni wakishateremka, alipanda tena na kurudisha ule mwembamba. Hakukosa hata mwaka mmoja.

Alifariki tarehe 17 Agosti 2016, Jumatano, tukamzika kihambani, katikati ya migomba yake, karibu na ua wa mimea ya masale. Desemba ile nilipanda stuli mimi mwenyewe, tarehe 20, kwa kuwa sikutaka mtu aseme nyumba ya mjane ina giza. Nilikunja waya kama nilivyomwona akikunja. Lakini tarehe 6 Januari sikupanda. Nilisimama chini ya bodi nikashindwa kuinua mguu. Wageni walikuwa wamekwenda, nyumba imenyamaza, na kitendo kile kilikuwa chake. Nikasema, kesho. Kesho ile ikanichukua karibu miaka minane.

Nilianza shule nikiwa na miaka arobaini na mmoja, mwezi Januari 2003, katika darasa la watu wazima lililokutana alasiri kwenye chumba cha parokia. Cheti cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na arobaini na tisa. Mtu aliyepewa kalamu mvi zimeshaanza kuota hachezei tarehe. Ng'ombe wangu akizaa, naandika. Mvua ikichelewa, naandika. Kuanzia mwaka 2022 daftari langu likaanza kupata mambo ya namna nyingine. Tarehe 3 Machi, taa ya jikoni ilififia pasi ilipowashwa. Tarehe 19 Mei, kulikuwa na harufu ya samaki aliyeungua nyuma ya friji, na samaki sikuwa nimenunua. Tarehe 2 Novemba nilishika mlango wa friji kwa mkono wenye maji, ukanitekenya hadi kwenye kiwiko. Mwaka uliofuata swichi ya sebuleni ikaanza kutatarika kama chumvi motoni, na soketi ikazungukwa na duara la rangi ya chai. Niliandika yote, nikafunga daftari. Kuandika kulinipa moyo kwamba nimefanya jambo, na sikuwa nimefanya lolote.

Tarehe 24 Desemba 2024, saa kumi alasiri, mke wa mwanangu mkubwa alichomeka jagi wakati pasi ya wajukuu ikiwa moto. Soketi ikatoa mlio, kisha moshi mweusi, kisha plastiki yake ikatiririka ukutani kama uji. Mwanangu aliruka kuzima umeme kwenye bodi. Hakuna aliyeumia. Alipogeuka, alikuwa ameshahukumu.

"Mama, nyumba hii imekwisha. Unahamia Dar."

"Imekwisha nyumba, au imekwisha soketi?"

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nauliza."

"Chumba chako kiko tayari. Tumeweka na feni."

"Feni ya nini? Mimi napepewa na mlima."

Hakucheka. Tarehe 27, kikao cha ukoo kilipokaa uani kwetu chini ya turubai, kama kinavyokaa kila Desemba, akaliweka shauri hilo mbele ya wakubwa: mama ahamie Dar es Salaam, nyumba ifungwe, tuifungue wakati wa Krismasi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa ikizunguka kwenye kata, na watu walitikisa vichwa kukubali huku wakipokezana. Nilielewa nilichokuwa nikinyang'anywa. Kuanzia Januari ningekuwa mgeni wa Desemba katika nyumba yangu mwenyewe.

Nikasimama. Nikasema nyumba haifungwi, nami siondoki. Kitakachoondoka ni nyaya.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyekuwa akiongoza kikao. Alitua kata chini.

"Nyaya za kaka hazitolewi," alisema. "Tangu afariki, fyuzi imekatika lini hapa? Miaka ya mwanzo kila Krismasi giza. Sasa umeme umetulia. Kazi ya kaka hiyo! Kilichoungua ni soketi tu, na soketi inabadilishwa. Shida si nyaya, shemeji. Shida ni mtu mzima kukaa peke yake."

"Nyaya zile zimechoka. Waya mwembamba ukibebeshwa umeme mwingi hupata moto."

"Na hayo umeyajulia wapi? Wewe si umesoma juzi tu?"

"Nilisoma juzi, kwa hiyo sijasahau."

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi pembeni walipasuka kwa kicheko. Shangazi mmoja alipaliwa na mbege, ikabidi apigwe mgongoni. Lakini shemeji alikuwa na hoja, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwa nini hoja ile ilikuwa ya uongo. Ningeweza kunyamaza, heshima yangu ikabaki nzima na shauri langu likafa. Nikasema.

"Fyuzi haikatiki kwa sababu niliinyamazisha mimi."

Nikawaeleza habari za waya wa Krismasi: nani aliuanzisha, nani aliurudisha kila Januari, na nani hakuurudisha.

Mwanangu alinitazama kana kwamba nimempiga kofi. "Miaka minane, Mama? Tumekuwa tukilaza watoto humu."

"Mmeona wenyewe!" shemeji akadakia. "Ndiyo maana tunasema asikae peke yake."

"Nikiwa peke yangu nachomeka nini? Redio? Nyumba hii inaungua mkija ninyi. Kosa la waya ni langu, nalikiri mbele yenu wote. Lakini mwenye kosa ndiye atakayelirekebisha, na hawezi kulirekebisha akiwa amekaa chini ya feni Dar es Salaam."

Nikafungua daftari, nikawasomea tarehe zote, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Nilipomaliza nikamwambia shemeji ainuke, tuingie ndani. Tangu siku ya moshi tulikuwa tukitumia taa tu. Nikachomeka friji na jagi kwenye ile soketi nyingine iliyobaki, nikamwelekeza kwenye waya ulioshuka ukutani, umebanwa kwa vibanio ambavyo kaka yake alivipigilia kimoja kimoja.

"Weka kiganja hapo."

Akaweka. Maji hayajaanza hata kuimba, akauondoa mkono na kuupangusa kwenye suruali.

"Una moto," alisema kwa sauti ya chini.

"Krismasi tisa, shemeji."

Nikachomoa vyote viwili. Yeye akageuka kutoka ukutani. "Na ukishindwa?"

"Mkija Desemba mkakuta waya mmoja wa moto, nitafunga mizigo yangu mwenyewe, nipande gari na mwanangu. Nisiposhindwa, jambo hili lisisemwe tena uani kwangu."

Kabla ya kula nilipanda stuli, nikatoa waya mnene, nikaweka mwembamba. Niliandika: tarehe 27 Desemba 2024. Nimechelewa miaka saba, miezi kumi na moja na siku ishirini na moja.

Fundi alikuja Jumanne, tarehe 14 Januari, kutoka mjini Moshi. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba, na aliamkia kwa adabu kabla ya kuuliza ngazi iko wapi. Darini ndiko tunakohifadhi mahindi ya shamba la tambarare, na penye mahindi pana panya. Alikaa huko muda mrefu, kisha akateremka na kipande cha waya. Alipokikunja, ganda lake likapasuka na kupukutika kama la yai.

"Panya nao wamekula sehemu yao," alisema. "Mama, nani alifunga umeme huu?"

"Mume wangu. Chunga ulimi, baba."

"Hapana, mama, sikutaka kutukana. Nilitaka kukuonyesha alivyopinda waya kwenye kona. Siku hizi hatuna subira hiyo. Huyu mzee hakukosea. Yeye alifungia taa nne na redio. Ninyi mkafungua hoteli."

Akanieleza kazi yenyewe, nami nikaandika. Nyaya zote zitoke, kwa kuwa ganda likishakauka hakuna dawa. Za soketi ziwe nene kuliko za taa, na zipite ndani ya mabomba ya plastiki, panya asizifikie. Kila soketi ipate waya wa tatu, ule unaopeleka umeme ardhini kwenye fimbo ya shaba, maana kukosekana kwake ndiko kulikoufanya mlango wa friji unitekenye. Na penye bodi nyeusi aweke sakiti breka, zinazojikata zenyewe mzigo unapozidi.

"Na Krismasi nakunja nini?"

"Hukunji kitu. Ikijikata, chomoa kimoja, uirudishe. Usiinyamazishe tena, mama."

Kwa siku nne nilisimama chini ya ngazi nimeshika bunda. Siku ya pili, akiwa juu darini, akasema bila kujua, "Legeza, mama. Vuta." Niliegemeza bunda kwenye ngazi, nikaenda kumtazama ng'ombe ambaye hakuhitaji kutazamwa. Niliporudi nililegeza, nikavuta.

Jumamosi, tarehe 18, nyaya za zamani zilikuwa chungu moja uani. Shemeji akatokea na panga mkononi, akazizunguka mara mbili.

"Hizi nazichukua mimi."

"Za nini?"

"Kufungia nguzo za migomba. Nyaya za kaka hazitupwi."

"Zichukue, shemeji. Huko hazitabebeshwa jagi."

Watoto walipanda tarehe 21 Desemba 2025. Sikumwambia mtu achomeke au asichomeke. Tarehe 24 alasiri kila kitu kilikuwa kimewashwa: friji, jagi, pasi, televisheni, na jiko jipya la umeme ambalo mke wa mwanangu aliliunganisha kwenye ekstensheni moja na jagi na pasi. Shemeji alipita chumba hadi chumba akiweka kiganja ukutani na kwenye mabomba, kama daktari anayetafuta homa. Ghafla soketi za upande wa jikoni zikafa.

"Haya!" akapaza sauti. "Shemeji, umeona?"

"Nimeona. Inafanya kazi yake." Nikachomoa pasi na jiko, nikanyanyua kiswichi cha breka kwa kidole kimoja, bila stuli. Friji ikaanza kunguruma. "Sasa niambie. Umepata wapi moto?"

Akarudisha kiganja ukutani, akakiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Wa baridi," alisema. "Wote."

Mwanangu alikuwa mlangoni na jiko lake mikononi, hajui aliweke wapi. "Mama, na kile chumba cha Dar?"

"Mna watoto wanne wanaolala kitanda kimoja. Wapeni, na feni yao."

Tarehe 27 kikao kilikaa tena chini ya turubai. Yalizungumzwa mambo ya mpaka wa shamba, harusi ya Aprili na paa la kanisa. Habari yangu haikuwemo. Nilikuwa jikoni nachemsha maji.