Mashine Iliyojibu Kabla ya Watu

Asubuhi ile nilikuwa na kiherehere mpaka nikavaa sweta nyuma mbele. Programu yangu ya kwanza ilikuwa inaanza kazi kwenye kiwanda kidogo cha jibini cha kilima chetu, huku Masisi, na mtengenezaji wa jibini ni baba yangu mzazi. Alikuwa ameshajigamba kanisani kuhusu mashine ya binti yake.

Ng'ombe akichomwa sindano ya dawa, maziwa yake hayafai kwa jibini siku kadhaa, na huwezi kuyajua kwa kuonja wala kunusa. Bido moja, yaani dumu, la namna hiyo likimwagwa kwenye sufuria kubwa, maziwa ya familia zote kumi na mbili yameharibika. Zamani baba alimwuliza kila mwenye ng'ombe mlangoni. Siku hizi maziwa yanaletwa na wachukuzi, nao hawajui lolote. Basi programu ingeuliza kila familia kwa simu, ingoje majibu, ndipo imwambie baba amwage.

Nilibonyeza. Kabla sijahesabu mpaka tatu, kioo cha kompyuta kikaandika: "Wote wamejibu. Mwaga." Nilipiga makofi. Baba akainua bido la kwanza, kisha akalishusha.

"Ba ku Kalembe bamejibu saa hii?" aliuliza. "Bale banapandaka kilima mbele ya kupata rezo ya simu."

"Papa, mashini imesema bote."

"Imesikia sauti ya nani?"

Nilifungua orodha ya majibu. Hakuna hata moja. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Dada, mashini yako iko nabii," mchukuzi mmoja alisema, na wenzake wakacheka. Baba hakucheka. Alifunika sufuria, akavuta kigoda, akaningoja.

Nilikuwa nimeipitia orodha ya familia kwa forEach, na forEach haingoji mtu. Inagonga mlango, inageuka, inagonga wa pili. Ikishagonga wa kumi na mbili inasema kazi imekwisha, hata kama hakuna aliyefungua. Nilikuwa nimeandika await, yaani "ngoja", kwa kila familia, lakini nje ya forEach hakuna kilichokuwa kinangoja. Kitanzi cha for kingengoja kweli, ila familia moja baada ya nyingine, na maziwa yangechacha tukiwa bado kwenye familia ya saba. Nilitaka kuuliza wote pamoja, na kumngoja hata wa mwisho. Promise.all! Mistari miwili tu.

Nikabonyeza tena. Kioo kikanyamaza, na sijawahi kupenda ukimya kama ule.

"Inafanya nini?"

"Inangoja, Papa."

"Njo vile," baba alikubali.

Majibu yakaanza kuingia, mawili, matano, tisa. Wachukuzi walisogea nyuma yangu, hakuna aliyecheka tena. Wa Kalembe walijibu mwisho kabisa, na hapo ndipo kioo kikaandika: "Familia kumi na moja, hakuna sindano. Familia moja, sindano."

Familia hiyo ilikuwa yetu. Mimi na baba tulikuwa tumelala kiwandani usiku ule. Jana yake jioni mama, ambaye ndiye aliyejibu simu, alimwita daktari wa ng'ombe, na alfajiri shangazi akakamua bila kuambiwa.

Baba alibeba bido letu mwenyewe, akalimwaga kwenye majani mbele ya wachukuzi wote. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Mashini hii haijue baba yake," alisema. "Sasa naisadiki."

Akafunua sufuria, akaanza kumwaga maziwa ya wenzake.