Kinyozi na Mke Aliyejua Bahari

Kinyozi waliyemwita Wembe aliogopa maji kuliko kitu chochote duniani. Mto ulimchukua kaka yake mbele ya macho yake walipokuwa wadogo, na tangu hapo hata beseni lililojaa lilimtia wasiwasi. Siku za uchumba alimwambia mchumba wake waziwazi kwamba mtu anayeogelea anachezea kifo. Binti wa watu akainamisha kichwa.

Waliishi pamoja mpaka watoto wakaota mabawa. Mke alikuwa fundi wa mapazia, mwenye maneno ya kuhesabika. Wembe alizoea kuwatambia wateja kwamba anamjua mkewe kama anavyokijua kichwa cha mteja wa kila wiki, mpaka makovu yaliyojificha chini ya nywele.

Safari ya ufukweni ilikuwa mawazo ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa dereva wa kutembeza wageni. Aliwasifia pwani moja ya mbali, barabara inakoishia, yenye mchanga mweupe kama unga, kasa wakubwa, na ndege wekundu wanaoijaza rasi nzima. Wembe alikubali kwa sharti moja: asisogezwe karibu na maji.

Palikuwa pazuri kuliko alivyoambiwa. Ndege wale waliporuka kwa pamoja, mbingu iligeuka rangi, na Wembe akajikuta kinywa wazi kama mtoto. Alikuwa bado anashangaa pale shemeji aliponyoosha kidole baharini. Kupita mwamba, kasa alikuwa akipigapiga maji bila kwenda popote. Kipande cha wavu kilimkaba shingo na pezi moja, na kila alipoinua kichwa kuvuta pumzi, wavu ulimrudisha chini.

Wembe akatazama huku na huku akitafuta wa kumwita. Hapakuwa na mtu mwingine ufukweni. Alipogeuka, mkewe alishavua viatu na kulikaza gauni lake kiunoni.

"Baba watoto, nipe mkasi."

Mkasi wa kazi ulikaa mfukoni mwa shati lake hata siku ya mapumziko. Akautoa bila kufikiri. Mkewe akaubana kwa meno, akaingia baharini.

Maji yalimfika mkewe magotini, kisha kiunoni, halafu ikabaki mikono tu ikipasua mawimbi, taratibu, bila papara, kama ya mtu aliye nyumbani kwake. Wembe akaketi palepale kwenye jua kali.

"Mfuate," alinong'ona. "Dada yako anakufa."

"Nani, huyo?" Shemeji hakuonyesha hata wasiwasi. "Shemeji, tukiingia wote, nitakayekufa ni mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha, na mpaka leo sijawahi kumfikia."

Kule mbali mkewe alizama. Wembe alifumba macho akaanza kumwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio. Alipoyafumbua, kasa hakuwepo tena, na mwanamke alikuwa anarudi, akiburuta wavu nyuma yake.

Alitoka majini akihema, akakamua nywele. Wembe alimtazama kama mgeni aliyekosea mlango.

"Wewe ni nani?" akauliza, wala hakuwa anatania.

"Mkeo. Ulisema anayeogelea anachezea kifo. Nami nilikutaka wewe kuliko bahari, basi nikaiacha."

Kesho yake Wembe alimnyoa mteja ndevu upande mmoja, akamwambia tayari. Kufichwa hakukumuuma sana. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba mwenzake alilipa gharama kubwa hivyo, ndani ya nyumba yake mwenyewe, naye hakuwahi kuhisi kitu. Siku baada ya siku akamwomba amsimulie, na mke akasimulia utoto wake wote, mashindano aliyoshinda na mama aliyemwita samaki.

Mwishowe Wembe akamwambia aende akaogelee. Siku hizi kila Jumamosi humsindikiza kwenye bwawa la mji. Huketi mbali kabisa, karibu na geti, ameshika taulo kwa mikono miwili na amefumba macho. Wanaoogelea humcheka. Juzi alifumbua jicho moja, akamwona mkewe anageuka ukutani na kuanza mzunguko mwingine, na jasho likamtoka.

Jicho hakulifumba.