Dozi ya Ndama

Shule niliachia darasa la tatu, lakini miaka ile Muleba nzima, mwenye ng'ombe anayekonda alinijua mimi. Baada ya vita vya mpakani nilianza kwa kutembeza chumvi ya mifugo. Baadaye nikafungua duka langu la dawa za mifugo. Waliosoma walinisalimia wao kwanza.

Kaka yangu alirudi kutoka Bukoba amebaki mifupa. Ugonjwa wenyewe tuliujua, kila kibanja, kila shamba la migomba, kilikuwa na kaburi bichi. Hospitali walimwambia virusi havina dawa, arudi nyumbani. Mimi nikatumia akili yangu. Ng'ombe akikonda vile nampa dawa ya minyoo, dawa ya zamani kabisa, na ananawiri. Sokoni nao walisema ng'ambo ya mpaka wagonjwa wanapewa hiyohiyo. Nikapima dozi ya ndama kwenye kikombe.

Mama akanishika mkono. "Onja kwanza."

"Mama, mimi siumwi."

"Pombe ya rubisi unaionja kabla ya kumpa mgeni. Hii ya ng'ombe umpe mwanangu hivihivi?"

Kaka akacheka huku anakohoa. "Mwenye duka anaogopa duka lake!"

Mimi siogopi kitu. Nikapiga funda. Ilikuwa chungu, ulimi ukafa ganzi. Kaka akamaliza iliyobaki.

Minyoo ilitoka, tena mingi. Akaanza kuomba ndizi na maharage, akawa anatoka kuota jua. Majirani walipomwona wakaja dukani na chupa, hata wasio na mbuzi. "Tupe ile ya kaka yako, waitu," wakanibembeleza.

Kabla ya kuwapa nilimwita tabibu wa zahanati aje ajionee kazi yangu. Akampima kaka, akasema, "Minyoo imetoka, ndiyo maana anakula. Virusi viko palepale. Usimwongezee, utamharibia ini."

"Si unaona amenawiri?"

"Ameshiba. Hajapona."

Kaka alikuwa anasikia. "Basi niacheni nishibe," akasema.

Alishiba kwa muda, kisha homa ikarudi, chakula kikamshinda. Akaniomba kile kikombe tena. Sikumpa. Tulimzika kibanjani kwa baba.

Pale pale kaburini jirani akanivuta pembeni, mkewe anaumwa, anataka chupa. Nikamwambia ampeleke kwanza zahanati wapime choo. Kama hana minyoo, dawa yangu haina kazi kwake.

"Una roho mbaya," akasema. "Unawawekea ndugu zako."

Nyuma yetu walikuwa bado wanafukia.