Noti kwenye Paji la Uso

Juzi, kwenye harusi huko Malvern, ugenini tulikohamia, nilimtunza mpiga gitaa. Nilimbandika noti kwenye paji la uso, kama tufanyavyo kwetu, nikamkumbuka mama.

Nilikuwa mtoto, tuko kwenye bustani ya umma hukohuko ugenini, harufu ya soseji za kuchoma imetanda. Mzee mmoja alikuwa jukwaani akipiga muziki wa huzuni wa bluzi, jasho likimtiririka, wasikilizaji kimya kama wako kanisani. Mama akainuka, akacheza taratibu hadi kwake, akambandika noti usoni. Watu wakacheka. Nikadhani amemdhalilisha mzee wa watu.

“Anatulilia vile, na hakuna hata mmoja wa kumtunza?” aliniuliza aliporudi.

Nikamjibu kwa Kiingereza, kwa sauti ili watu wasikie, kwamba mimi simjui mwanamke huyu.

Mzee alimaliza wimbo noti ikiwa bado usoni, akamwinamia mama kwa heshima. Mama hakumwona. Alikuwa ananitazama mimi.